Nimefunga flaiwili nyepesi, sasa mke wangu anadhani amesahau kuendesha

Shikamoo Mjomba,

Nimesoma safu yako kimya kimya kwa muda mrefu, nikiwacheka wenzangu wanaoleta habari za magari yaliyowashinda. Leo zamu yangu.

Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, injini ya 1.8, gia tano za mkono. Siku za kazi ni gari la nyumbani, mimi na mke wangu tunaliendesha kwa zamu. Mara moja kwa mwezi nalipeleka kwenye uwanja wa mbio, nakimbia nusu siku, kisha narudi nalo likinuka breki. Miezi miwili iliyopita klachi ilianza kuteleza kwenye gia ya nne: unakanyaga mafuta, resi zinapanda, gari linabaki pale pale. Ilikuwa imeisha, hilo halina ubishi.

Sasa, kwa kuwa giaboksi lazima ishushwe, nikajiambia kama ni kufungua nifungue mara moja. Nikanunua seti nzima. Kulikuwa na flaiwili, lile gurudumu zito linalofungwa nyuma ya injini, ya feleji ya kilo 4 (ile ya kiwandani tuliiweka kwenye mizani ikasoma 8), presha, yaani ile sahani inayoibana pleti ya klachi, yenye springi kali zaidi, na pleti ya seramiki yenye vipande sita, umbo lake kama ua lililokauka. Katikati haina zile springi ndogo, ni bapa tupu. Aliyeniuzia alisema resi zitapanda kama za pikipiki na nguvu za farasi zitaongezeka.

La resi ni kweli. Mzunguko wa kwanza uwanjani nilicheka peke yangu ndani ya kofia. Ukigusa mafuta, injini imeshafika. Ukipunguza gia kuelekea kona, haikusubirishi.

Baada ya hapo matatizo yakaanza kujipanga mlangoni. Gari likisimama kwenye taa, gia huru, giaboksi inalia kama kokoto ndani ya kopo. Kwenye foleni linazimika kama gari la mwanafunzi, au linaondoka kwa kuruka kama chura. Rafiki yangu mwenye MX-5 kama yangu, flaiwili ya kiwandani, kwenye gia za chini namwacha kidogo, lakini kwenye mnyooko mrefu tunakwenda bega kwa bega. Hao farasi walioongezeka wako wapi? Na huyo huyo rafiki, baada ya kuonja gari langu, anataka kupeleka flaiwili yake ya zamani kwa mtu wa mashine aichonge hadi ifike kilo 4, aokoe hela.

Lakini kilichonifanya niandike ni mke wangu. Nilimwambia klachi imeisha, nimeweka nyingine. Sikusema nyingine ipi. Wiki iliyopita gari lilimzimikia mara nne kwenye kilima kimoja, nyuma wanapiga honi. Aliporudi aliweka funguo mezani, akakaa, akasema, "Nadhani nimesahau kuendesha." Ameendesha gari za gia za mkono miaka 15. Mjomba, sikusema kitu. Nilijifanya natafuta chaja ya simu.

Je, giaboksi inakufa? Nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa? Au nivumilie, tutazoea?

Ni mimi,
Mguu wa Kushoto


Marahaba, mpwa wangu.

Una makosa mawili, moja la gereji na moja la nyumbani. La nyumbani ndilo kubwa, lakini naanza na la gereji, ili ukifika kwa mke wako uwe na maneno ya kumwambia.

Giaboksi yako haifi, kwa jinsi ulivyoeleza. Usiniamini mimi lakini, lipime mwenyewe. Leo jioni injini ikiwa imepata moto, simama mahali tambarare, vuta hendibreki, gia huru, fungua dirisha. Sikiliza zile kokoto. Sasa kanyaga klachi polepole hadi chini. Zikinyamaza kabisa, ukiachia zikarudi, basi ni meno ya gia yanagongana kwa sababu hayana mzigo. Yanakera masikio, hayavunji kitu. Ikiwa mambo ni kinyume, yaani kimya ukiachia na mlio wa kusaga ukikanyaga, hiyo ni rilizi beringi, ile inayoisukuma presha ukikanyaga klachi, na hapo urudi kwa fundi kabla wiki haijaisha. Na ukisikia mvumo unaokufuata barabarani, unaobadilika na mwendo wa gari, hilo ni jambo la tatu kabisa, niandikie tena.

Nitakuambia kwa nini naweka dau kwenye meno ya gia. Injini yako ya silinda nne haisukumi kwa mfululizo. Inapiga ngumi: ngumi mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, ya mizunguko 850 kwa dakika hizo ni ngumi 28 kila sekunde, na kati ya ngumi na ngumi kranki inalegea kidogo kabla ya kusukumwa tena. Flaiwili nzito ipo pale ili ngumi hizo zifike nyuma zikiwa zimelainishwa. Umeipunguza nusu, basi kranki sasa inakwenda kwa kushtuka shtuka zaidi. Hilo peke yake gari lako lingelimeza. Lakini kulikuwa na mlinzi wa pili, zile springi ndogo katikati ya pleti ya klachi, ambazo wengi huziona wakadhani ni mapambo. Kazi yake ni kumeza mishtuko iliyobaki kabla haijaingia kwenye shafti ya giaboksi. Wewe umemfukuza mlinzi wa kwanza nusu, na wa pili umemfukuza kabisa. Kwenye gia huru, klachi ikiwa imeshika, gia zote ndani ya giaboksi zinazunguka bila kazi, zina nafasi ndogo kati ya jino na jino, na kila ngumi inazirusha upande huu na upande ule. Hizo ndizo kokoto zako.

Kwa hiyo swali lako la kurudisha kila kitu nalijibu hivi: usirudishe flaiwili. Rudisha pleti, na presha pamoja nayo.

Naona umeweka lawama zote kwenye flaiwili kwa sababu ndiyo iliyokugharimu mawazo zaidi, na ndiyo rafiki yako aliyoitamani. Mimi nadhani asilimia kubwa ya shida ya nyumbani kwenu inatoka kwenye ile pleti ya vipande sita. Seramiki ilitengenezwa kwa ajili ya joto na nguvu nyingi. Inashika au haishiki, katikati hakuna maongezi. Pleti ya kawaida yenye ferodo nzima kuzunguka duara inakubali kuteleza kwa adabu nusu sekunde wakati gari linaondoka, na ile nusu sekunde ndiyo inayomtofautisha dereva laini na chura wako. Halafu jiulize, ulikuwa na nguvu gani za kudhibiti? Injini yako ya 1.8 ikiwa mpya inatoa nguvu za farasi kama 130 na toki ya Nm 150 hivi. Hujaweka taabo. Klachi yako ya mwanzo haikuteleza kwa kushindwa nguvu, iliteleza kwa uzee. Umemnunulia mtoto wa shule gunia la kubebea makaa.

Na ile presha yenye springi kali nayo ina bei yake nyingine: mguu wako wa kushoto (jina ulilojipa si bure), na kila ukikanyaga unaisukuma kranki kuelekea mbele kwa nguvu zaidi, ikibebwa na zile beringi nyembamba za pembeni zinazoizuia isitembee. Ndiyo maana kukaa kwenye taa na klachi chini ni tabia mbaya kwa gari lolote, kwa lako ni mbaya zaidi. Weka gia huru, achia. Kokoto zitalia, ziache zilie.

Sasa wale farasi wako.

Hakuna. Flaiwili haitengenezi nguvu, haijawahi. Flaiwili ni kibubu: injini inatumbukiza humo mwendo, na wewe unautoa baadaye. Kibubu kikubwa kinachukua muda kujaa, na kinachukua muda kuisha. Ukikifanya kidogo, resi zinapanda haraka kwa kuwa hakuna kinachomeza, na zinashuka haraka kwa kuwa hakuna kilichowekwa. Kiasi kinachochomwa kwenye silinda ni kile kile. Mashine za kupimia nguvu zinazopima gari likiwa linaongeza mwendo zinaweza kukuonyesha nyongeza kidogo, na hapo ndipo wauzaji wanapopata karatasi ya kukuonyesha. Ukishika mwendo mmoja, nyongeza hiyo haipo.

Ila ulichokihisi kwenye gia za chini si ndoto, na kina hesabu nzuri ambayo mimi huwa sichoki nayo. Gia ya kwanza ya MX-5 yako ni 3.136, difu ya 1.8 ni 4.1. Zidisha: injini inazunguka karibu mara 13 tairi likizunguka mara moja. Ukiongeza mwendo wa gari kidogo, flaiwili inalazimika kuongezewa mwendo mara 13 zaidi, na gharama yake inapanda kwa kipeo cha pili cha namba hiyo. Nimepiga hesabu ya juu juu kwa duara la sentimita 26 na tairi zako za inchi 14: kilo 4 ulizotoa, kwenye gia ya kwanza, ni kama kuteremsha abiria wa kilo 65 au 70. Gia ya pili, kilo 25. Ya tano, injini inazunguka mara 3.3 tu kwa kila mzunguko wa tairi, na abiria uliyemteremsha ana kilo 4 na nusu, paka aliyeshiba. Ndiyo maana rafiki yako unamwacha kwenye kona ya polepole, na kwenye mnyooko mko bega kwa bega. Wala hujaibiwa. Uliuziwa kitu kizuri kwa maelezo ya uongo.

Hata hivyo si kilo zote ni sawa. Gramu iliyo ukingoni mwa flaiwili inahesabika zaidi sana kuliko gramu iliyo karibu na bolti za katikati, kwa sababu umbali kutoka katikati nao unaingia kwa kipeo cha pili. Kuna flaiwili mbili za kilo 4 zilizo tofauti kabisa zikizunguka. Siku nyingine ukinunua, usimuulize muuzaji uzito tu, itazame ukingo wake umekonda kiasi gani.

Na kama unataka kujua upande wa giaboksi nao unapata nini: pleti ya klachi haizunguki na injini ukikanyaga pedali, inazunguka na shafti ya giaboksi. Pleti nyepesi inawapunguzia kazi sinkronaiza, vile vipande vinavyolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, gia zinaingia kwa wepesi. Hilo watu hawalisemi kwa sababu pleti ni ndogo na haipigiki picha nzuri. Kwa hiyo pleti utakayonunua sasa, ya ferodo yenye springi katikati, chagua ya kipenyo cha kiwandani, isiwe kubwa kuliko hiyo kwa tamaa.

Tuje kwenye kuzimika. Kuondoka na gari ni kutoa akiba kwenye kibubu wakati injini bado iko chini. Kwenye 850 flaiwili yako sasa ina nusu ya akiba iliyokuwa nayo. Mke wako ana miaka 15 ya kumbukumbu mguuni ya akiba kamili. Anaachia klachi pale alipoachia siku zote, kwa mafuta yale yale, kibubu kinaisha katikati ya safari, gari linakufa. Hajasahau chochote. Mguu wake uko sahihi kabisa, gari ndilo lililobadilishwa bila kuambiwa.

Namna ya kuondoka nalo ni hii. Mafuta kwanza, resi zifike kama 1,500 na zikae hapo, usizipige kwa pupa zikapanda zikashuka. Kisha achia klachi hadi pale inapoanza kuuma, utahisi pua ya gari inainama kidogo. Simamisha mguu hapo. Hesabu moja. Ndipo umalizie. Kwenye kilima tumia hendibreki, hakuna aibu. Ukiwa na seramiki ile hesabu ya moja haipo, ndiyo maana nakusumbua uiondoe. Ukiwa na ferodo, siku tatu zinatosha mtu kuzoea.

Kubadilisha gia kwenda juu nako kumebadilika. Zamani ulikuwa unakanyaga klachi, resi zinateremka kwa starehe, unaweka gia inayofuata zikiwa zimefika mahali pake zenyewe. Sasa zinaporomoka. Ukichelewa, gia inayofuata inaikuta injini iko chini na gari linatikisa kichwa. Badilisha kwa haraka, au acha kidole cha mguu kibaki kidogo kwenye mafuta. Kushuka gia ndiko unakokufurahia, lakini kuna hatari moja sikuiona kwenye barua yako: ukishuka gia bila kupiga resi kwanza, na barabara imelowa, breki ya injini inafika kwenye magurudumu ya nyuma kwa ghafla. Gari lako linasukumwa na magurudumu hayo hayo. Nimewahi kuzunguka kama pia kwa kosa hilo, siku ya manyunyu tu, na nilikuwa na umri wa kutosha kujua.

Mwambie fundi apandishe sailensa kidogo, kutoka 850 hadi 950 hivi, na kabla ya hapo asafishe mlango wa hewa na vali ya sailensa, na aangalie plagi na waya zake. Flaiwili nzito ni mlezi mwenye huruma, huwa inaficha misi ndogo ndogo, yaani silinda kukosa kuwaka. Nyepesi inakusomea dhambi zako zote hadharani. Zima na kiyoyozi siku ukijaribu, uone kama gari linazimika hata bila ule mzigo.

Unajifariji ukijua hauko peke yako. Porsche walipotoa 911 Carrera RS ya mfululizo wa 964 mwanzoni mwa miaka ya 1990, toleo jepesi lilikuja na flaiwili nyepesi ya kipande kimoja, na sifa yake ya kuzimika kwenye foleni inajulikana hadi leo. Watu wanalipenda na wanalitukana katika sentensi moja. Upande mwingine kuna Lexus LFA: V10 ya lita 4.8 inayotoka sailensa hadi resi 9,000 kwa sekunde 0.6, hata wakaweka dashibodi ya kidijiti kwa kuwa mshale wa kawaida usingeikimbilia. Lakini hiyo ilizaliwa hivyo, kompyuta na kila kitu vikipangwa pamoja. Sisi tunaobadilisha kipande kimoja kimoja ndio tunaohitaji kufikiri kipande cha pili kitasema nini.

Kwa wengine mnaosoma hapa mkiwa na magari ya miaka ya karibuni: wengi wenu flaiwili yenu si bonge moja. Ni vipande viwili vyenye springi ndefu katikati, na mara nyingi pleti yake ya kiwandani haina springi kwa sababu flaiwili yenyewe inafanya kazi hiyo. Ukiitoa ukaweka ya kipande kimoja, lazima uweke na pleti yenye springi, la sivyo utapata kokoto mara mbili ya za mpwa wangu. Na kompyuta zenu zinahesabu misi kwa kutazama jinsi kranki inavyoshtuka. Flaiwili nyepesi inaweza kuidanganya iwashe taa ya injini hali hakuna misi yoyote.

Rafiki yako anayetaka kuchonga, mzuie. Mzuie leo, mpigie simu kabla hujamaliza kusoma hapa. Flaiwili nyingi za kiwandani ni chuma cha kusubu. Ni kigumu, kinavumilia joto, lakini hakinyumbuki. Kikichoka kinapasuka bila kutoa taarifa. Kwenye resi 7,000 ukingo wa flaiwili ya sentimita 26 unakwenda zaidi ya kilomita 340 kwa saa, na kila gramu 100 zilizo pale ukingoni zinavutwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 700. Sasa mpe mtu wa mashine akonde mahali ambapo mhandisi aliacha nyama kwa makusudi. Ikiachia, haidondoki chini kwa heshima. Inatoboa kava la klachi, inatoboa sakafu, na kwenye MX-5 miguu ya dereva na ya abiria imekaa jirani kabisa na hapo. Anayetaka nyepesi anunue iliyochongwa kutoka bonge moja la feleji, au ya alumini yenye uso wa chuma wa kusugulia, na aulize kama imepimwa kwa kiwango cha SFI 1.1, ambacho ndicho wanachotumia watu wa mbio kwa flaiwili na klachi za kubadilisha. Akikosa hela, abaki na ya kiwandani, si ugonjwa.

Kwako sasa, kazi yenyewe. Giaboksi inashuka tena, pole. Ile fremu ndefu ya alumini inayounganisha giaboksi na difu itatolewa tena, mwambie fundi akiirudisha asikaze kwa kukisia, mkao wa difu unategemea hapo. Pleti mpya, presha ya kiwandani. Flaiwili isafishwe uso, kwa sababu seramiki inaacha michubuko. Kama ina mikwaruzo ya kushikika na ukucha au madoa ya buluu, isawazishwe, na hilo ni jambo tofauti na kuikondesha. Wakiwa humo watazame sili ya oili nyuma ya kranki na ile beringi ndogo inayopokea ncha ya shafti. Ukiikuta oili kidogo tu, badilisha, pleti mpya ikilowa oili itatetemeka na utanilaumu mimi.

Flaiwili ya zamani usiitupe wala usimpe rafiki yako. Ipake oili, ifunge kwenye nailoni, ilaze bapa mahali pakavu. Siku utakapouza gari, mnunuzi mwenye akili ataiulizia.

Na mke wako. Umemwacha wiki nzima akidhani mikono na miguu yake imemsaliti, ili wewe usiulizwe bei ya pleti ya seramiki. Usisubiri gari litengenezwe ndipo useme, ukifanya hivyo atadhani amepona ghafla, na utakuwa umemdanganya mara ya pili. Mwambie usiku huu. Usianze na kibubu wala kipeo cha pili. Sema: nilibadilisha gari bila kukuambia, lile lililokuzimikia si lile ulilolijua, na kilima kile kingemzimikia mtu yeyote. Akitaka kuona, mwonyeshe ile pleti siku itakapotoka, katikati yake hakuna springi, hata asiye fundi ataona kwamba kuna kitu kimekosekana. Akikasirika, ana haki. Usitafute chaja.

Siku gari likitoka gereji mpe yeye funguo kwanza. Pleti mpya ya ferodo inahitaji kilomita 500 hadi 800 za mwanzo za mjini, kuondoka kwa taratibu, hakuna kuchoma tairi, hakuna uwanja wa mbio mwezi huo, na kati yenu wawili mwenye mguu wa kazi hiyo si wewe.

Mjomba